Pikipiki kwa dereva mfupi Goma na Bukavu: aina tatu zikilinganishwa, na mahali pa kupunguza

Mtu wa kimo cha sentimita 150 hadi 160 anayetafuta pikipiki Goma hupewa ushauri uleule karibu kila mahali: chukua yoyote unayoipenda, fundi ataishusha. Ushauri huo ndio unaopasua tumbo la injini kwenye mawe ya lava. Sisi tunashauri kinyume chake. Nunua pikipiki ambayo kiti chake ni cha chini na chembamba tangu kiwandani, fanyia kazi kiti na viatu, na amortisa, yaani vyuma vyenye springi vinavyomeza mitikisiko, ziguswe mwisho kabisa, ikibidi.

Kwanza lakini ujue namba yako.

Pima mguu, usipime kimo

Watu wawili wa sentimita 157 wanaweza kutofautiana miguu kwa sentimita tatu au nne, na tofauti hiyo inatosha kubadilisha pikipiki ya kununua. Vua viatu, egemea ukuta, bana kitabu chenye jalada gumu msambani na ukivute juu mpaka kikaze kama kiti kinavyokaza. Mwenzako apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Mtu wa sentimita 155 mara nyingi hupata kati ya 69 na 72.

Kimo cha kiti kinachoandikwa kwenye karatasi za pikipiki hupimwa ikiwa wima bila mtu. Ukikaa, vitu vitatu hubadilika. Springi hushuka: kwa mtu wa kilo 55, pikipiki ya barabarani yenye springi ngumu hushuka kama sentimita 2, na ya njia mbaya 3 hadi 4. Soli ya kiatu kizuri inakupa nyingine 2 au 3. Kisha upana wa kiti unakunyang'anya ulichopata, kwa sababu mapaja yakitanuka mguu haushuki tena wima: hesabu sentimita 3 kwa kiti chembamba na 5 kwa kiti kipana.

Chukua mguu wa sentimita 71. Kwenye pikipiki ya barabarani yenye kiti cha 78 na upana wa kawaida: 78 toa 2, toa 3, ongeza 4, unapata 77. Umepungukiwa na 6. Kisigino kikiinuka sentimita 6, bado unasimamia sehemu pana ya mbele ya wayo, miguu yote miwili, na hapo pikipiki inashikika. Kwenye Yamaha XTZ125, ambayo kiti chake kiko 84: toa 4, toa 3, ongeza 3, unapata 80. Umepungukiwa na 9. Hapo zimebaki ncha za vidole tu, na juu ya changarawe ya lava ncha za vidole hazishiki kitu.

Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inakuzuia kudanganyika dukani, ambako sakafu ni sawa na pikipiki imesimamishwa wima na kijana wa duka anayeishika kwa nyuma.

Aina tatu, upande kwa upande

| | Ya barabarani (Bajaj Boxer, TVS HLX na jamii zake) | Ya njia mbaya (Honda XR125L, Yamaha XTZ125) | Skuta ya magurudumu madogo |
|---|---|---|---|
| Kimo cha kiti | sm 75–80 | sm 82.5 na 84 | sm 74–78 |
| Nafasi chini ya injini | sm 16–18 | zaidi ya sm 23 | sm 12–14 |
| Gurudumu la mbele | inchi 17 au 18 | inchi 19 na 21 | inchi 10 au 12 |
| Kiti | kirefu, kipana | chembamba mbele | kipana sana |
| Klachi ya mkono | ndiyo | ndiyo | hapana |

Skuta tuimalize haraka. Ni nyepesi, unapanda bila kurusha mguu, na huna klachi ya kusumbua vidole vifupi. Kwa anayekaa mitaa ya Goma kama Himbi au Katindo na kazi yake iko kwenye lami, inatosha. Lakini gurudumu la inchi 10 likikutana na jiwe la ukubwa wa ngumi halipandi, linasimama, na dereva anaendelea mbele. Mto wa lava ya volkano ya Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji wa Goma, na mitaa mingi ya ndani hadi leo ni lava iliyosagwa kidogo tu. Kule juu, kuelekea Munigi na Buhene, lava ya tarehe 22 Mei 2021 iliongeza tabaka jingine. Kama safari yako ya kila siku inaacha lami hata mita mia tano, skuta itoe kwenye orodha. Tena usidanganywe na kiti chake cha chini: upana wake na sakafu ya kuwekea miguu huwalazimisha wafupi kutanua miguu kuliko kwenye pikipiki ya kiti cha 78.

Ya njia mbaya ndiyo ngumu kuihukumu. Kwa mawe, ndiyo bora. Gurudumu la inchi 19 au 21 linapanda kile kinachosimamisha mengine, na nafasi chini ya injini inakuruhusu kwenda Rutshuru au kupanda Masisi bila kusikiliza kila mgongano. Kiti chembamba kinafidia sehemu ya urefu. Dereva mfupi aliyezoea huiendesha kwa kuteleza upande mmoja wa kiti anaposimama: tako moja nje, mguu wa kushoto chini sawasawa, wa kulia kwenye freni. Ufundi huo unafundishika, lakini unadai mahali pa kuweka mguu pawe pazuri kila unaposimama, na kwenye foleni ya Birere, eneo la biashara la Goma, huchagui mahali pa kusimama. Anayebeba abiria au mzigo kila siku na mguu wake uko chini ya 72 asianze na hii.

Ipo jamii nyingine ndani ya kundi hili inayostahili kutajwa, Yamaha AG, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba na inayojulikana sana na mashirika ya misaada. Ina stendi za pembeni pande zote mbili. Kwa mtu mfupi hiyo ni zawadi: unaegesha ukiegemeza upande ulioinuka, kushoto au kulia, badala ya kuisukuma pikipiki nzima kutafuta mteremko unaofaa. Mnyororo wake umefunikwa kabisa, kwa hiyo vumbi la lava haliuli haraka. Ukikutana na moja iliyotunzwa, ikalie kabla ya kuikataa kwa macho.

Kwa wengi jibu ni ya barabarani, ile ile ya wamotari, madereva wa pikipiki za kubeba abiria. Spea zake ziko Birere dukani na mezani, na hakuna fundi asiyeijua. Ina amortisa mbili za nyuma zinazofunguka kwa spana ya kawaida, na sponji yake ni nene, maana yake kuna kitu cha kukata. Kasoro yake ni upana: kiti kimetengenezwa kikubali watu watatu na gunia, na upana huo unafika mpaka mbele, pale mapaja yako yanapopita.

Ukinunua iliyowahi kuwa ya motari, bonyeza kiti kabla ya kulipa. Wengine huongeza tabaka la sponji ili abiria wasilalamike, na hufunga amortisa ndefu zaidi nyuma ili kubeba mzigo. Pikipiki hiyo inaweza kuwa juu kuliko ya dukani kwa sentimita nne au tano, na dawa yake ni kuirudishia vitu vyake vya asili tu, bila kukata chochote.

Bukavu ni hesabu nyingine

Goma ni tambarare yenye mawe. Bukavu ni milima. Ukipanda kuelekea Kadutu na foleni ikasimama katikati ya mteremko, urefu wa kiti si tatizo la kwanza tena. Tatizo ni mguu gani uko chini.

Kwenye mpando uzito huhamia nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na freni ya mbele peke yake inaweza kuteleza nalo kwenye udongo au changarawe. Freni ya kushika pikipiki ni ya nyuma, na iko kwenye mguu wa kulia. Kwa hiyo wa kushoto ndio unaokwenda chini. Lakini wa kushoto ndio pia wa gia. Hapa ndipo wafupi wanapoangukia: wanasimama wakiwa gia ya pili au ya tatu, mguu wa kushoto uko chini, na ili kurudi gia ya kwanza lazima wabadilishe miguu. Wakati wa kubadilisha, freni ya nyuma inaachiwa, pikipiki inarudi nyuma nusu mita, na mguu wa kulia unatafuta ardhi ambayo iko mbali.

Ingiza gia ya kwanza pikipiki ikiwa bado inatembea, mita mbili au tatu kabla ya kusimama, kila mara, hata kama unadhani hutasimama. Ukishasimama usitafute fri, yaani kuitoa kwenye gia. Shika klachi, ngoja, kisha achia klachi polepole mpaka usikie injini imezama kidogo na nyuma ya pikipiki imekaza, ndipo uachie freni ya mguu.

Kongo tunaendesha upande wa kulia, na barabara nyingi zimejengwa zikishuka kuelekea ukingoni ili maji yatoke. Basi upande wako wa kushoto huwa umeinuka kidogo kuliko wa kulia, faida ya sentimita moja au mbili kwa mguu ule ule unaoutaka chini. Ukisogea sana ukingoni kumpisha mwenye gari unaipoteza, na mtaro unakungoja kulia. Simama katikati ya njia yako.

Kwa Bukavu basi, chagua iliyo nyepesi kabla ya iliyo ya chini. Kilo kumi na tano za tofauti kwenye mpando, ukiwa na abiria, utazisikia gotini kuliko sentimita mbili za kiti. Hakikisha pia inawashwa kwa kitufe na betri ni nzima. Kupiga kiki kwenye mteremko ukiwa umesimamia mguu mmoja si kazi ya kujipa kila siku.

Kiti ndicho cha kwanza kukatwa

Anza na upana. Kupunguza pande za mbele kunakupa sentimita moja hadi mbili za mguu bila kupunguza hata milimita ya unene unaokalia.

Kaa kwenye pikipiki ukiwa na viatu vyako vya kuendeshea, shusha miguu yote, na mwenzako achore kwa kalamu ya wino mahali ambapo mapaja yanabana kiti, kushoto na kulia. Fungua kiti, ng'oa pini za stepla kwa bisibisi bapa, na utoe ngozi bila kuichana, kwa sababu ndiyo itakuwa kipimo cha ngozi mpya. Chukua spoku kuukuu, ichome wima ndani ya sponji mpaka igonge ubao wa chini, weka alama, pima. Sponji ya sentimita 7 inaweza kukatwa 3. Ya 5 inakatwa 1 tu. Usibakize chini ya sentimita 4 za sponji yenye nguvu: sponji iliyochoka, hata ikiwa nene, imeshakufa katikati, na ukiikata unakalia ubao. Kama yako imechoka, badala ya kukata nunua kipande kigumu cha kimo unachotaka.

Mwambie fundi wa viti wazi: mbele tu, pa abiria asiguse. Akate kingo kwanza kwa mshazari, kutoka juu hadi ubao wa chini, urefu wa sentimita 20 hadi 25 kuanzia kwenye tangi. Rudisha kiti bila ngozi, kaa, jaribu. Ndipo akate juu, sentimita moja na nusu kwa mara moja, ujaribu tena. Sponji haioti.

Mahali pa kukalia pabaki sawa, pasiteremke kuelekea tangi. Hili hukosewa mara nyingi, kwa sababu ni rahisi kukata mbele kuliko katikati. Kiti kinachoteremka hukusukuma mbele kila unapofunga freni, abiria anakulalia mgongoni, uzito wote unakwenda kwenye viganja, na baada ya saa moja vidole vinakufa ganzi. Ngazi ndogo inayobaki kati yako na abiria iache ilivyo: ndiyo inayomzuia asikusogelee.

Laini kwa msasa, gundisha tabaka jembamba la sponji ngumu kufunika alama za kisu, kisha funga karatasi ya nailoni kabla ya ngozi. Nailoni ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mvua ya Kivu haikosi mshono, na sponji iliyolowa haikauki ndani ya ngozi. Inaoza na kuvunjika vipande. Ngozi ivutwe mbele na nyuma kwanza, pande mwishoni, kwa pini za milimita 6 kama ubao ni wa plastiki.

Viatu, pedali, usukani

Fundi viatu anaweza kuongeza soli ya sentimita 2 hadi 2.5 kwenye buti iliyo imara. Iwe ya urefu wote wa wayo. Kuongeza kisigino peke yake hakusaidii, kwa kuwa wewe unatua na sehemu ya mbele. Gundi na uzi, vyote viwili, na mpira wenye meno.

Soli ikishakuwa nene, buti haiingii vizuri chini ya pedali ya gia, na dereva anaanza kukosa gia bila kujua sababu. Toa boliti ya pedali, vuta pedali itoke kwenye shafti yake yenye meno, irudishe ikiwa imepanda jino moja, kaza. Pedali ya freni ya nyuma nayo ipandishwe kwa boliti yake ya kuzuia, kisha urekebishe nati ya fimbo pale kwenye gurudumu mpaka pedali itembee sentimita 2 hadi 3 kabla ya freni kushika. Angalia taa ya nyuma inawaka kabla freni haijakaza, na gurudumu linazunguka huru ukiachia.

Usukani ukiwa mbali, legeza boliti nne za vishikio vyake, uzungushe kuja kwako kidogo, kaza kwa kupokezana. Halafu washa injini na ugeuze usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Mlio wa injini ukipanda wenyewe, waya wa gesi umevutwa. Rudisha usukani mbele kabla hujatoka hapo.

Amortisa, kama bado hufiki

Kabla ya kubadilisha, tafuta pete yenye ngazi chini ya springi za nyuma, mara nyingi ngazi tano. Ikiwa imewekwa juu kwa ajili ya mizigo, ishushe hadi ya kwanza, pande zote mbili sawa. Kwa dereva mwepesi utapata nusu sentimita hadi moja, bure. Siku ya abiria na jerikeni ya lita 20, ipandishe tena, la sivyo nyuma itagonga mwisho kwenye kila shimo.

Amortisa fupi kwa sentimita 2 hushusha nyuma kwa sentimita 2 au zaidi kidogo. Pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, upime na kipenyo cha boliti, ndipo uende kutafuta. Zaidi ya sentimita 2 usivuke Goma: nafasi chini ya injini tayari ni ndogo, na ukiongeza abiria, jiwe la kwanza linafika kwenye bomba la moshi. Nyuma ikishuka peke yake, pia taa ya mbele inaangalia juu na kuwapofusha wengine, na usukani unakuwa mzito kugeuka. Kwenye pikipiki ambazo amortisa za mbele zimebanwa kwa boliti za pembeni, zinaweza kupandishwa sentimita 1 hadi 1.5 ili kusawazisha. Kwenye nyingi za barabarani zimefungwa kwa boliti moja ya juu na hazipandi. Usimruhusu mtu alazimishe.

Kataa mambo mawili, hata kama bei ni ndogo. La kwanza ni kukata springi. Springi fupi ndani ya amortisa ya urefu ule ule inabaki ikicheza. Pikipiki ikiruka inatoka mahali pake, ikitua inagonga chuma. La pili ni kuchomelea kishikio kipya cha amortisa kwenye mkono wa nyuma. Chuma hupasuka pembeni ya mchomeleo, na hupasuka ukiwa na mzigo.

Pikipiki iliyoshuka itasimama wima mno kwenye stendi ya pembeni na upepo wa lori utaiangusha upande wa kulia. Stendi ikatwe, karibu sawa na ulivyoshusha, kwa awamu mbili, na kibao cha chini kichomelewe tena kikiwa kipana zaidi kwa ajili ya udongo laini.

Mwisho, paka chaki nene ndani ya madigadi ya nyuma, panda na abiria mzito kuliko wote unaowabeba, yeye apande kutoka kushoto maana bomba la moto liko kulia, wewe ukiwa umekaza mguu wa kushoto chini. Pita barabara ya mawe kwa dakika kumi, urudi, uchungulie. Chaki ikiwa imefutwa na tairi, zirudishe amortisa za zamani siku hiyo hiyo.